Mwaka Niliomtafsiria Mama Dorsila

Risper alinipigia simu asubuhi nikiwa mezani nakunywa chai, akajitambulisha kwa jina la mama yake kabla ya jina lake mwenyewe. Alisema yeye ni Risper wa Dorsila, yule mpishi wa misheni, kama mtu anayedhani huenda nimesahau. Mama yake alikuwa amefariki Jumatatu na angezikwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, nyumbani kwa marehemu mumewe huko Nyakach. Familia ilikuwa ikitafuta mtu mmoja aliyefanya naye kazi ili aseme maneno machache, na watu wengine wote wa jiko lile walikuwa wamekufa au hawajulikani walipo. Nilimwambia nitakuja. Mke wangu aliuliza ni nani aliyefariki, nikamjibu kwamba ni mpishi mmoja wa zamani, nikaendelea kupaka siagi mkate ambao sikuuonja. Tumeoana zaidi ya miaka thelathini na nimemsimulia mambo mengi ya ujana wangu, lakini jina la Dorsila sikuwahi kulitaja ndani ya nyumba ile.

Nilikozaliwa na jinsi nilivyolelewa si mambo ya hapa. Itoshe kwamba nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nimemaliza shule, na kanisa letu lilikuwa na desturi kwamba kijana anayetaka kupelekwa chuo cha theolojia atumike kwanza mwaka mmoja misheni. Misheni ilikuwa kando ya ziwa, upande wa Dunga, majengo marefu yaliyopakwa chokaa, na ukumbi wa mikutano ambao ungeweza kuchukua watu mia nne. Nilifika nikitarajia nipewe Biblia na baiskeli nikahubiri vijijini. Nilipewa aproni. Madam Ruth, mmisionari aliyesimamia jiko na nyumba ya wageni, aliniambia kwa Kiingereza chake cha upole kwamba anayetaka kuchunga kondoo ajifunze kwanza kuwalisha. Nilitabasamu kama niliyebarikiwa, lakini moyoni niliungua. Katika jamii yetu siku zile mwanamume hakuonekana jikoni labda awe anachinja. Wavuvi waliokuja kuuza samaki mlango wa nyuma, vijana wa rika langu, walinikuta nikikoroga uji na wakaulizana kwa sauti kama nimeshaolewa au bado natafuta.

Jiko lenyewe lilikuwa chumba kirefu cheusi kwa moshi, lenye majiko sita ya kuni yaliyojengwa kwa matofali, meza ya saruji katikati, na dirisha la kupitishia sahani lililotazama chumba cha kulia cha wageni. Sufuria kubwa zilihitaji watu wawili kuzinyanyua. Mama Dorsila ndiye aliyekuwa mkuu wa pale, mjane wa miaka arobaini na kitu hivi, mfupi, mwenye mikono minene na masikio yaliyosikia mchele ukianza kushika chini kabla yeyote hajanusa. Alikuwa akitoka Obunga kwa miguu kila alfajiri na alifika kabla ya kuni kuwashwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kupika ugali wa watu mia tatu: unga unavyomiminwa kwa mkono wa kushoto huku mwiko, mrefu kama kasia, ukizungushwa kwa kulia, na namna ya kusimama miguu ikiwa imetanuka ili mgongo usivunjike. Hakunicheka. Siku niliyoangusha karai zima la sukuma wiki iliyokwisha kukatwa, alinitazama tu, akaniambia niokote, nioshe mara tatu, na nijue kwamba mahali pa kutelezea ni pale karibu na ndoo. Aliniita nyathina, yaani mwanangu, na nikaanza kumwitikia hivyo bila kufikiri.

Tulikula baada ya watu wote kula. Tulikuwa wanne: mimi, Dorsila na wanawake wawili wa kusaidia, tumeketi juu ya kreti za soda zilizopinduliwa, tukichovya ugali kwenye mchuzi uliobaki. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote. Kupitia lile dirisha tuliwasikia wageni waliotoka ng'ambo wakizungumza huku wakinywa kahawa, na wenzangu wakaniuliza wanasema nini, nikawatafsiria. Wageni walisema jinsi watu wa hapa wanavyofurahi na vitu vidogo. Wakasema kwamba huyu mama wa jikoni ana uso wa mtakatifu. Dorsila aliposikia hilo alifuta jasho kwa upindo wa leso, akauliza kama watakatifu hupewa likizo. Sisi tulicheka mpaka Madam Ruth akachungulia kuona kuna nini.

Madam Ruth alikuwa amekaa kwetu miaka minne na Kiswahili chake kilikuwa asante, haraka na pole. Dholuo hakuwa nacho kabisa. Dorsila naye alizungumza Dholuo, na Kiswahili kidogo cha kumtosha kununulia vitu soko la Kibuye. Kabla yangu walielewana kwa vidole. Nilipokuja, mimi ndiye nikawa njia yao, na nakiri kwamba nilipenda kuwa njia. Madam akifoka kwamba wali umelowa, nilimwambia Dorsila kuwa Madam anaomba maji yapunguzwe kidogo. Dorsila akisema mwambie huyo mama mafuta aliyoleta ni machafu, nilimwambia Madam kuwa mpishi anauliza kama tunaweza kupata aina nyingine. Kila upande ulinishukuru. Madam alisema tangu nifike jiko limekuwa na amani, na kwamba ananiombea nafasi ya chuo. Nilijiona mtu mwenye karama. Leo nikikumbuka naona kwamba miezi yote ile nilikuwa nafanya mazoezi.

Mwezi wa Agosti ulikuja mkutano mkuu wa wahubiri wa kando ya ziwa, watu karibu mia nne, na wageni wanne kutoka kanisa la ng'ambo lililokuwa likiifadhili misheni. Madam Ruth alitaka siku ya ufunguzi waliwe mbuta, samaki wakubwa wa kukaangwa, kwa sababu wageni walipenda kupiga picha za samaki. Dorsila alishauri wanunuliwe asubuhi ile ile ufukweni. Madam aliogopa kwamba hawatapatikana wa kutosha, akawanunua siku mbili kabla na kuwajaza kwenye friza mbili za stoo. Stima ikapotea siku hiyo hiyo mchana, na ikarudi baada ya siku nzima na nusu.

Asubuhi ya mkutano Dorsila alifungua friza, akabonyeza samaki mmoja kwa kidole gumba. Shimo la kidole lilibaki pale pale. Akafungua mashavu ya mwingine, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida, huku tayari anafunga leso upya kiunoni, kwamba samaki wote watupwe, tupike ndengu na ugali, muda bado upo kama tutawasha moto sasa hivi. "Nenda umwambie Madam kwamba huyu samaki ataua watu," alisema. "Umwambie hivyo hivyo, usimpake sukari."

Nilimkuta Madam barazani na wale wageni wanne, amevaa gauni jipya la kitenge. Aliponiona alinishika bega na kuwaambia, huyu ndiye kijana niliyewaandikia habari zake, huyu atakuwa mchungaji. Mmoja wao, mzee mwenye nywele nyeupe, alinipa mkono akasema barua yangu ya chuo wataitia sahihi wiki hiyo kabla ya kuondoka. Nilisimama pale nikinuka moshi. Nilitakiwa kusema mbele yao kwamba samaki aliowanunua Madam, kinyume cha ushauri wa mpishi, wameoza. Nilisema hivi: Mama Dorsila anauliza kama bado unapenda samaki leo, au ndengu. Madam alicheka na kusema kwa Kiingereza, bila shaka samaki, but awakaange vizuri, wageni hawapendi mbichi ndani. Basi. Sikuongeza neno. Ningeweza kusema kwamba sikujua uzito wa jambo, lakini nilikuwa nimenusa.

Nilirudi jikoni nikamwambia Dorsila kwamba Madam amewaangalia samaki mwenyewe na amesema wakikaangwa sana hawana neno.  Mmoja wa wale wanawake wawili, Min Otis, alisema kwa Kiswahili chake, "Hii samaki si ya kupea watu, mimi naogopa." Dorsila akamwambia, "Nyumba hii si ya mama yako wala ya mama yangu, mwenye nyumba amesema." Akakaanga. Alikaanga kila kipande mpaka kikawa kigumu kama ganda la mti, akakamulia ndimu, akafanya yote ambayo mpishi anaweza kumfanyia samaki aliyekwisha kufa mara mbili. Lakini sisi wa jikoni alitukataza kugusa. Siku ile tulikula ugali na chumvi.

Watu walianza kuugua kabla ya ibada ya jioni. Sitaeleza ukumbi ule ulivyokuwa. Zaidi ya nusu yao walitapika, wengine walibebwa kwa magari hadi hospitali, na siku mbili baadaye akafa mhubiri mmoja mzee wa kutoka visiwani, mtu mpole aliyekuwa amepitisha kichwa dirishani baada ya kula kutushukuru wapishi. Nilimkumbuka kwa sababu alitaja samaki. Alisema hajala mbuta aliyekaangwa namna ile tangu mkewe afariki.

Siku ya tatu wazungu walikaa ofisini kwa mkurugenzi: Madam Ruth, mumewe ambaye ndiye alikuwa mkurugenzi, na yule mzee mwenye nywele nyeupe. Wageni walikuwa na ndege ya kesho yake na walitaka ripoti iandikwe. Wazee wa kanisa wa kwetu walikuwa hospitali na kwenye msiba, hakuna aliyengojewa. Dorsila aliketishwa kwenye kiti cha mbao, mikono juu ya magoti, amevaa gauni lake la Jumapili. Mimi nilisimama kati yake na meza. Macho ya Madam yalikuwa mekundu kwa kulia, na sidhani kuwa aliigiza. Mkurugenzi aliuliza kwa nini siku ile wapishi wote hawakula samaki. Nikatafsiri swali, na hapo nilitafsiri sawasawa.

Dorsila alijibu polepole, akiniangalia mimi badala ya wao, kama mtu anayempa mtoto maneno ya kupeleka. "Hatukula kwa sababu niliona ameoza. Nikamtuma huyu aseme. Akarudi akaniambia Madam ameangalia na amesema wakaangwe."

Wote watatu walinigeukia. Kulikuwa na kalenda ya picha ya mlima wenye theluji nyuma ya kichwa cha mkurugenzi, naikumbuka kuliko nyuso zao. Nilisema kwa Kiingereza: anasema aliona wameanza kuharibika, but alidhani wakikaangwa sana hawatadhuru mtu. Mzee mwenye nywele nyeupe aliandika. Mkurugenzi akauliza kama aliwahi kumwambia mtu yeyote. Sikumpa Dorsila swali lile. Nilimwuliza kama ana lingine la kusema. Akasema amekwisha sema, aulizwe Madam. Nikawaambia: anasema hapana. Haikuchukua hata dakika kumi. Madam Ruth alisimama, akamshika Dorsila mikono, akamwambia pole, ile pole yake moja. Dorsila aliniangalia tena, akangoja, nami nikatazama sakafu. Kisha akaondoka, na nilimwona kupitia dirishani akienda jikoni kuchukua leso yake na kisu chake kidogo cha kuparia samaki, ambacho kilikuwa chake mwenyewe.

Ripoti ilisema uzembe wa mpishi. Mitaani watu hawakusema uzembe. Mpishi ambaye chakula chake kimeua mtu, na ambaye yeye mwenyewe hakukila, kwetu ana jina lingine, mchawi, na jina hilo likishatamkwa haliondoki. Kabla ya hapo alikuwa akiitwa kupika kwenye harusi na matanga toka Obunga hadi Nyalenda. Hakuitwa tena popote. Akaanza kuuza makaa Kibuye. Barua yangu ilitiwa sahihi, nikaenda chuo, nikawekewa mikono, nikahudumu katika parokia saba za kando ya ziwa lile lile. Nimehubiri juu ya ushahidi wa uongo mara nyingi, na watu wamelia. Mara moja, nikiwa mchungaji kijana, nilimwona Kibuye akiwa ameinama juu ya magunia, uso mweusi kwa vumbi la makaa. Nilikata kona kwenye mitumba, nikajifanya nachagua koti. Muuzaji aliniuliza saizi. Nilinunua koti ambalo halikunienea.

Nyakach niliwasili mapema kabla ya ibada ya mazishi. Nilimtafuta Risper nikamkuta nyuma ya nyumba, mwanamke wa miaka hamsini hivi mwenye mikono ya mama yake, akiwaelekeza wapishi wa kukodi. Nilikuwa nimejiapiza kwamba nitamwambia kabla ya kusimama mbele za watu, na nilimwambia, nikiwa nimesimama kando ya magunia ya viazi. Nilieleza yote, barazani na ofisini. Hakushtuka. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akifunga na kufungua kifungo cha sweta.

"Mama alijua," alisema. "Kiingereza hakujua, lakini neno but alikuwa analijua, maana Madam alilisema kila alipokataa kitu. Aliniambia: sikuweka neno kama hilo popote, na kijana akaliweka."

Nilimwuliza kwa nini mama yake hakupinga pale pale.

"Angepinga na nani akimtafsiria?"

Kisha akaniambia kwamba aliniita makusudi. Hapo chini ya hema walikuwapo majirani, watu wa kanisa, watu waliokuja na chakula chao kwenye mifuko kwa sababu hadi leo hawali nyumba ile. Alitaka niseme kwenye kipaza sauti. Hakutaka pesa wala machozi, niseme tu.

Nilipoitwa nilisimama na kola yangu ya uchungaji shingoni. Nilisema nilihudumu na Mama Dorsila mwaka mmoja, na kwamba alinifundisha kazi. Nilisema mbele ya Mungu na watu kwamba katika jambo lile la misheni mama huyu hakuwa na kosa lolote. Wanawake waliguna, mmoja akasema amina. Nikaona vizuri nafasi iliyobaki, sentensi moja tu, yenye jina langu ndani. Nikamrudishia mwongoza ibada kipaza sauti. Baada yangu aliinuka mchungaji kijana aliyetumwa na misheni, hata hakuwa amezaliwa siku zile, akasema kanisa lilikwisha msamehe mama yetu zamani na halina kinyongo. Nilikuwa viti viwili kutoka kwake. Sikuinuka. Risper alikuwa mbele karibu na jeneza, akageuka na kunitazama kwa utulivu, kama anayehakikisha kuwa kitu alichoambiwa kuhusu mtu ni kweli.

Wiki mbili baadaye nilimpigia simu, nikamwomba tuonane misheni. Nilitaka aone nikisema mahali penyewe. Jiko la kuni limebomolewa, sasa ni maegesho ya magari, na ofisi ya mkurugenzi ina kiyoyozi. Yule mchungaji kijana alitupokea kwa heshima, akaagiza chai, akaniita Baba. Nilimweleza bila kupaka sukari: kwamba mpishi alionya, kwamba niliificha habari, kwamba niligeuza maneno yake mbele ya meza, kwamba mhubiri alikufa na Dorsila akabebeshwa lawama. Niliomba ripoti ile isahihishwe na habari isomwe kanisani Jumapili, na jina langu litajwe.

Alisikiliza akitikisa kichwa. Akasema faili za miaka ile hazipo, mafuriko yaliingia stoo. Madam Ruth na mumewe walikwisha fariki huko kwao. Kuyafukua mambo haya leo, alisema, kutaumiza waumini wachanga, na kwa Mungu hesabu imefungwa. "Baba, wewe umetumika vizuri miaka yote hii," akasema. "Usimpe shetani nafasi. Tuombe."

Akasimama, akanishika mikono yote miwili kabla sijajibu, akafumba macho na kuanza kumshukuru Mungu kwa sauti kubwa kwa ajili ya msamaha unaofuta yote. Mimi sikufumba. Nilimwona Risper akiweka kikombe chake mezani, chai ikiwa bado imejaa, akachukua mkoba wake na kutoka, akaufunga mlango taratibu nyuma yake. Nilitaka kumfuata. Mchungaji aliendelea kuomba, akizidi kunikaza mikono, nami nikabaki nimesimama pale mpaka akamaliza, na alipomaliza nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema amina.